Oili ya Shemeji

Fundi Gaspar alilala chini ya lori, akafungua nati za sampo moja baada ya nyingine, akaishusha ile karai ya chuma inayokaa chini ya injini kutunza oili, kisha akatoka nayo ameikumbatia. Akaitua juu ya meza. Akaichungulia, akaisogeza kwenye mwanga, akaichungulia tena. Halafu akamwita mwenye lori.

"Mwalimu, hebu njoo uone."

Mwalimu Gozbert alisogea. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na kalamu mfukoni, ingawa alikwisha kustaafu ualimu na pale gereji Kongowe hapakuwa na daftari la kusahihisha. Ndani ya sampo kulikuwa na tope jeusi zito, limeganda pembeni kama ukoko wa uji uliosahaulika jikoni. Gaspar alilichota kwa kidole na kulisogeza karibu kabisa na pua ya mwalimu.

"Hiki nini?"

"Oili."

"Hii ilikuwaga oili. Sasa hivi sijui tuiiteje. Mnatia oili gani humu?"

Mwalimu alijikohoza. Venance, dereva wa lori hilo, mtu wa Masasi asiyependa maneno mengi, aligeuka upande wa pili akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Tunatia mbili," alisema mwalimu.

"Mbili kivipi?"

"Nusu ile uliyoniambia wewe. Nusu ya shemeji yangu."

Gaspar alichukua kitambaa, akafuta kidole chake taratibu mpaka kikawa safi kuliko vingine.

"Hiyo ya shemeji yako, nyuma ya dumu imeandikwa herufi gani?"

"Inaanza na S."

"Na mie nilikwambiaje kuhusu S?"

"Ulisema S ni ya petroli, magari madogo. C ndiyo ya dizeli."

"Kumbe unajua!"

"Najua."

"Sasa mbona?"

"Shemeji ana duka," alisema mwalimu.

Na hilo ndilo lilikuwa jibu lote. Benedikto, mdogo wake Apolonia, mke wa mwalimu, alikuwa na duka la oili pale Rangi Tatu, Mbagala, lenye maandishi makubwa mekundu na spika nje. Mwalimu alipochukua mafao yake ya kustaafu na kununua tipa la kubeba mchanga kutoka Mkuranga, watu wawili walimpa ushauri wa oili bila kuombwa. Gaspar alimwambia atafute oili ya dizeli ya malori, daraja la kumi na tano-arobaini, na ageuze dumu asome nyuma kabla ya kufungua pochi. Benedikto yeye alifungua dumu la ile anayouza, akatumbukiza kidole, akakisugua na gumba mbele ya macho ya mwalimu, na oili ikavutika kama asali. Alisema injini ya zamani inataka kitu kizito, kwamba hiyo ya fundi ni maji tu yenye rangi, na kwamba shemeji yake akionekana duka la mtu mwingine, yeye ataficha wapi uso wake.

Mwalimu aliwaelewa wote wawili. Hiyo ndiyo shida aliyokuwa nayo tangu kuzaliwa. Shuleni, walimu wawili wakigombea kipindi, aliwapa nusu nusu, na watoto wakasoma hesabu kwa dakika ishirini. Wanajumuiya walipogombana kama sare iwe ya kijani au ya njano, yeye kama mzee wa usuluhishi alitafuta kitenge chenye rangi zote mbili. Kilikuwa kibaya, hakuna aliyekipenda, na kwa kuwa hakuna aliyekipenda hakuna aliyeonekana kashinda, watu wakapeana mikono. Basi na kwenye injini alifanya hivyo hivyo. Alinunua nusu huku na nusu kule, akamimina zote pamoja. Gaspar hakuambiwa. Benedikto hakuambiwa. Injini nayo haikuambiwa, lakini yenyewe ikawa ya kwanza kujua.

"Dizeli ina masizi, mwalimu," alisema Gaspar, naye alikuwa fundi wa wale wanaopenda kueleza. "Oili ya dizeli imetengenezwa iyabebe yale masizi, iyashikilie mpaka siku unayoimwaga. Hii ya petroli haijaajiriwa kazi hiyo. Unaipa masizi ya tipa lenye mzigo, inayaacha yakae. Yakikaa, njia za oili zinaziba. Turbo imekufa kwa kiu. Beringi zimelika mpaka krenki, ule mhimili mkuu wa injini, imekwaruzika. Una bahati Venance aliona presha inashuka akazima. Angefika Mkuranga, ungekuja hapa kuuza chuma chakavu."

"Inatengenezeka?"

"Krenki itachongwa. Ila sikiliza vizuri. Imeshachongwa na waliokuwa na lori hili kabla yako. Hii ndiyo ya mwisho. Ikikwaruzika tena, hakuna nyama ya kuchonga, na injini ndiyo basi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Wewe kuelewa huwa unaelewa," alisema Gaspar. "Mie nataka uache kuchanganya. Ukichanganya tena usiniletee. Mpelekee shemeji."

*

Apolonia alikuwa sebuleni nyumbani kwao Chamazi, anapima gauni. Wiki chache mbele walikuwa na jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa, misa kisha sherehe hapo hapo nyumbani, na mwenyekiti wa kamati ya maandalizi hakuwa mwingine bali Benedikto. Ndiye aliyetafuta turubai, ndiye aliyetafuta mshereheshaji, ndiye aliyewapigia simu ndugu wa Bukoba mmoja mmoja mpaka wakachoka kukataa.

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa kochi, akamweleza mkewe yote. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anafundisha.

"Kwa hiyo ni oili ya Benedikto," alisema Apolonia.

"Ni mchanganyiko."

"Fundi kasema ni mchanganyiko?"

Mwalimu aliangalia sakafu. "Kasema ni ya Benedikto."

Apolonia alichomoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye mshono wa kiuno. Lori lile ndilo lililokuwa likilisha nyumba. Ndilo lililokuwa linamsomesha Vaileth, kitinda mimba wao, chuo cha uuguzi. Pensheni ya kila mwezi ilikuwa ikiingia, ikasalimia, ikatoka.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Nafikiria. Siku hizi anahangaika na jubilei yetu. Nikimwambia sasa ataona nimemvunjia heshima. Nisipomwambia, ataendelea kuniwekea madumu. Nimefikiria hivi: nitanunua kwake kama kawaida, ila sitatia."

Apolonia alimtazama mumewe kupitia kioo cha kabati.

"Utanunua oili usiyoitumia."

"Kidogo kidogo tu. Kwa ajili ya amani."

"Fanya unavyoona," alisema Apolonia. "Ila wewe kila unavyoona ni katikati."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akamwomba amshikie pindo la nyuma.

*

Mwalimu alikwenda dukani Rangi Tatu na nia safi kabisa. Njiani alijipanga. Angeanza na shukrani za kamati, angeingia kwenye habari za injini, angetaja krenki, kisha angesema kwa upole kwamba kuanzia sasa lori lina masharti yake, kama mtu mwenye kisukari.

Benedikto alimwona angali ng'ambo ya barabara.

"Shemeji! Bwana harusi! Jamani mpisheni mwalimu!" Alizima spika ya nje, jambo alilolifanya kwa nadra sana. Wateja wawili walifukuzwa kwenye benchi. Soda ililetwa. "Huyu ndiye mume wa dada yangu. Miaka ishirini na tano, hajawahi kugombana na mtu. Ana lori, na lori lake linakunywa hapa. Muulizeni."

Wateja walimgeukia. Mmoja, kijana mwenye bajaji, akauliza kwa heshima, "Shikamoo mzee. Oili ya hapa iko poa?"

Mwalimu alikunywa soda. Alikunywa mpaka mapovu yakampanda puani. Aliona macho ya Benedikto, yamejaa furaha tupu, hayana hila hata chembe. Mtu yule aliamini. Alikuwa anajitilia mwenyewe oili ile ile kwenye kigari chake kidogo cha petroli, na kigari kilikuwa kizima kabisa.

"Kwa gari dogo ni nzuri," alisema mwalimu.

"Umesikia?" Benedikto alimpiga kijana begani. "Nzuri."

Mwalimu alirudi nyumbani na madumu mawili. Kumkataza kijana wa duka asiyafunge kamba ilishindikana, na kumkataza asiyabebe mpaka kituoni ilishindikana pia. Akayaficha nyuma ya banda la kuku. Wiki iliyofuata alipita pale barabarani kwa bahati mbaya, akaitwa, akarudi na mengine. Injini ilipokwisha kuunganishwa, alikwenda na Venance mpaka duka moja la mbali, upande wa Temeke, ambako hakuna aliyemjua. Akageuza madumu yote, akasoma nyuma ya kila moja kwa miwani, muuzaji akaanza kudhani ni mkaguzi wa serikali. Venance alimimina mwenyewe, akawasha. Geji ya presha ilipanda na kusimama pale inapotakiwa kusimama, na haikushuka hata injini ilipopata moto.

"Inapumua," alisema Venance. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Mwalimu aliangalia ile sindano kwa muda mrefu. Alijisikia furaha, na hapo hapo alijisikia kama mtu anayemsaliti mkewe.

*

Kilichomponza ni mafiga ya pilau. Siku chache kabla ya jubilei Benedikto alifika na wapishi kutafuta mahali pa kuweka majiko, akazunguka nyumba, akafika nyuma ya banda la kuku. Mwalimu alimfuata mbio akisema kule kuna siafu. Alichelewa. Benedikto alikuwa amesimama mbele ya madumu yake, yamepangwa vizuri, vifuniko havijaguswa, juu yake jogoo amelala.

Benedikto alimwondoa jogoo, akafuta kinyesi kwenye maandishi kwa leso yake mwenyewe.

"Naona kuku wako wanatumia oili nzuri, shemeji," alisema.

"Ni akiba."

"Akiba."

"Si unajua vitu vinapanda bei."

"Najua. Mie ndiye nauza." Aliikunja leso yake, akaitazama, akaitupa. "Majiko yakae upande ule," aliwaambia wapishi, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile alimpigia dada yake. Apolonia aliongea naye uani kwa muda mrefu, akarudi ndani, akaweka simu mezani.

"Amelia," alisema.

"Benedikto?"

"Kasema ungemwambia tu. Kasema afadhali ungemtukana."

Mwalimu aliomba ushauri wa kufanya. Apolonia alisema amechoka, akaenda kulala. Sebuleni alibaki Flaviana, dada yake mwalimu, aliyekuwa amefika kutoka Bukoba kwa ajili ya sherehe na alikuwa hajaacha kutoa maoni tangu ashuke basi.

"Mashemeji wana maneno," alisema Flaviana. "Mnunulie shati yaishe."

*

Misa ilikwenda vizuri. Padri aliwasifu, akasema ndoa hii ni mfano, na mwalimu aliinamisha kichwa kwa sababu hakujua afanye nini kingine na kichwa. Nyumbani turubai lilikuwa limefungwa, upande mmoja kwenye mnazi na upande mwingine kwenye lori lenyewe, kwa kuwa nguzo ya nne ilipotea. Vaileth, dada yake mkubwa Jeni na yule wa katikati walilipamba kwa riboni nyeupe ili lisiharibu picha. Watu walikula. Gaspar fundi alikuwepo, meza ya nyuma, na sahani mbili.

Ikafika saa ya zawadi. Mshereheshaji alipiga wimbo, wanajumuiya wakaja wanacheza na seti ya masufuria vichwani. Kwaya ikaleta picha ya Familia Takatifu, kubwa kiasi kwamba hakuna ukuta ndani ya nyumba ambao ungeitosha. Flaviana alileta vitenge, akavionyesha pande zote mbili ili watu waone si vya uwongo. Apolonia alipokea kila kitu akitabasamu, na mwalimu akapeana mikono mpaka kiganja kikamuuma.

Halafu geti likafunguliwa, likaingia guta la magurudumu matatu la kubebea mizigo.

Juu ya guta kulikuwa na pipa zima, jipya, limefungwa maputo. Mbele ya guta anacheza Benedikto, ndani ya suti ya kijivu, jasho linamtiririka, na nyuma yake ukoo mzima wa upande wa mke, wanapiga vigelegele. Walicheza mbele wakarudi nyuma, mbele wakarudi nyuma, kama ilivyo desturi, mwendesha guta akipata tabu sana kufuata mdundo. Lilipofika mbele ya maharusi, Benedikto alichukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu. Kati ya nyumba hii na duka langu kumekuwa na maneno. Mie nimewaza, nikasema, leo siku ya dada yangu, maneno hayafai. Nimeleta pipa. Bure! Shemeji hatanunua oili mpaka achoke mwenyewe!"

Vigelegele. Apolonia aliacha kutabasamu.

"Lakini nina ombi moja tu." Benedikto alitoa faneli mpya ya kumiminia oili kwenye mfuko wa koti, akainyanyua juu watu waione. "Lori lile pale. Tunafungua pipa, namimina dumu dogo tu, lita moja, hapa mbele ya Mungu na mbele yenu. Shemeji afungue mfuniko wa injini kwa mkono wake. Ikiingia hiyo lita, mie na yeye tumeyamaliza."

Watu walisimama. Wenye simu wakazitoa. Venance alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori na soda yake. Aliiweka chini, akainuka, akasimama palepale mbele ya mlango.

Mwalimu Gozbert alijua hesabu yake. Lita moja katikati ya thelathini zinazojaa injini isingeiua. Gaspar mwenyewe, kule nyuma na paja la kuku mkononi, alijua hivyo. Lita moja, na shemeji anarudi kuwa shemeji, mke anarudi kutabasamu, padri anaondoka na habari njema. Alikuwa ametoa zaidi ya hapo kwa sababu ndogo zaidi. Lakini pipa lile halikuwa lita moja. Lingekaa uani, na kila Benedikto atakapofika angelichungulia limefika wapi, na yeye, anavyojijua, angelipunguza. Angelipunguza kidogo kidogo ndani ya injini, kwa ajili ya amani, mpaka siku Venance atakapozima gari barabarani kwa mara ya mwisho.

Alimsogelea Benedikto.

"Hapana, shemeji," alisema.

Muziki ulikuwa juu. Mshereheshaji aliona midomo inacheza, akaruka. "Bwana harusi amekubaliii!" Wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaongeza sauti, na Benedikto akaanza kulegeza mfuniko wa pipa.

Ikabidi mwalimu aombe kipaza sauti. Alikiomba mara mbili, kwa adabu, na mara ya tatu akakinyang'anya.

"Nimesema hapana," alisema, na safari hii ilisikika mpaka kwa majirani. "Benedikto, nisikilize. Hii oili ni ya magari madogo ya petroli. Kwenye lori langu nimeitia mwaka mzima, nikawa nachanganya na nyingine ili nisikuudhi, na injini ikafa. Fundi yule pale. Wewe hukunidanganya, mie ndiye nilikudanganya wewe. Ila haitaingia tena. Wala hiyo lita. Wala kifuniko cha soda."

Muziki ulizimwa. Sasa hata kuku walisikika.

"Unanikataa mbele za watu?" alisema Benedikto.

"Naikataa oili."

"Oili ni yangu."

"Basi naikataa hivyo hivyo, ni yako."

Benedikto alitazama faneli mkononi mwake. Alimtazama dada yake. Apolonia alikuwa anamwangalia mumewe, kakaza macho, kama anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa mbali. Benedikto akairudisha faneli mfukoni, haikuingia vizuri, akatoka nje ya geti imechomoza. Guta likageuzwa kwa shida. Ukoo wa upande wa mke ukafuata, wengine na sahani zao. Puto moja lilipasuka getini na watu wakashtuka.

Mshereheshaji, aliyelipwa mpaka jioni, alisema sasa ni wakati wa keki.

*

Jua lilipozama wageni wote walikuwa wameondoka. Gaspar alimshika mwalimu mkono bila maneno, jambo lisilo la kawaida yake. Venance alifungua riboni moja moja, akazikunja, akampa Vaileth. Waliobaki uani ni wenye nyumba, na Flaviana, aliyekuwa anahesabu vijiko.

"Leo nimemwona kaka yangu," alisema Flaviana. "Leo umesimama. Mwanamume anasimama hivyo. Ulikuwa umechelewa tu." Akachukua vijiko vyake akaingia ndani, ameridhika.

Apolonia alikuwa angali na gauni la jubilei, amefunga kanga kiunoni, anakung'uta vitambaa vya meza. Mwalimu alisogea na kuanza kupanga viti, kimoja juu ya kingine. Alisubiri asemwe. Alikuwa amejiandaa: angekubali amemdhalilisha mdogo wa mkewe, angekwenda kesho Rangi Tatu kuomba radhi kwa namna ya kusema, si kwa kukataa.

"Benedikto atarudi," alisema Apolonia. "Hajui kukaa peke yake. Atanuna, atarudi. Na ulimsema vizuri, hukumtukana."

Mwalimu alishusha pumzi. "Niliogopa umeumia."

"Nimeumia."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka.

"Flaviana na yule marehemu dada yenu mkubwa walikujaga tulipokuwa tunakaa kwenye nyumba za shule," alisema. "Vaileth ana wiki mbili. Nimekaa kitandani, namnyonyesha. Wakasema mbele yangu, mtoto wa tatu msichana, huyu mwanamke hana mvulana, oa mwingine. Nikakwambia wakiendelea, mie naondoka na wanangu. Unakumbuka ulisemaje?"

Mwalimu alikuwa ameshika kiti. Alikumbuka. Alikuwa hajawahi kukumbuka, na sasa alikumbuka yote, mpaka shuka lilivyokuwa.

"Nilisema tusubiri mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja," alisema Apolonia. "Wao wanataka leo, mie sitaki kabisa, wewe ukapata katikati. Ukafurahi, watu wakanywa chai. Mwaka ule nilikuwa napika, nafua, nacheka na walimu wenzio, na nguo zangu ziko kwenye sanduku, sizitoi, kwa sababu sijui mwaka ukiisha itakuwaje. Ukaisha, hukusema kitu. Ukanyamaza tu, nao wakasahau. Mie nikasema, basi, nimeolewa na mtu ambaye hana hilo neno, hakuumbwa nalo. Nikakusamehe hivyo. Kipofu halaumiwi kwa kutoona."

Alichukua kitambaa kingine, hakukikunja.

"Kumbe unalo. Umelisema leo mara mbili, ya pili kwenye kipaza sauti. Injini imepata hapana, baba Jeni. Mie nilipata mwaka mmoja."

Mwalimu Gozbert alitaka kusema kwamba walikuwa vijana. Alitaka kusema kwamba dada zake walikuwa wakali, kwamba mama yake alikuwa mgonjwa, kwamba hata siku moja hakuwahi kuwaza kuoa mwingine. Yote yalikuwa kweli. Maneno yalimjaa mdomoni, na kila moja lilikuwa limebeba lenzake la kulipoza.

Akayameza.

"Nilipaswa kukataa siku ile ile," alisema.

Apolonia alisubiri. Alivyomzoea mumewe, alijua kwamba baada ya sentensi kama hiyo huja "lakini", na baada ya "lakini" huja nusu ya pili. Alisubiri, kitambaa mkononi, mpaka taa ya uani ya jirani ikawashwa.

Hakuna kilichofuata. Mwalimu alikuwa amesimama palepale, machozi yanamshuka, na hakuwa anayafuta.

"Haya," alisema Apolonia, na sauti yake haikuwa imesamehe wala haikuwa imekataa kusamehe. "Shika upande ule."

Wakaiinua meza, wakaiingiza ndani.